Kuziba kasha la meli ya mfano kwa silikoni si kulilinda na vumbi

"Nimeziba kila ufa, hata hewa haipiti." Kauli hii husemwa kwa fahari, na mara nyingi meli ya mfano iliyomo ndani ya kasha hilo la kuonyeshea ina mizinga iliyoota unga mweupe. Katika dhana zote zinazohusu vumbi, hii ndiyo inayochosha zaidi, kwa sababu wanaoifuata ni wale wale wanaozijali meli zao kwelikweli.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa hutanuka ikipata joto na kunywea ikipoa, takriban sehemu moja kati ya 290 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kasha la urefu wa sentimita 100, upana 35 na kimo 70 lina lita 245 za hewa. Chumba kikipata joto la nyuzi 10 zaidi mchana, lita 8 na kidogo hutoka. Usiku zinarudi, na hupitia ufa wowote uliosalia, ukiwa mwembamba kama unywele, zikibeba vumbi la chumbani. Tazama pembe za ndani za kasha lililokaa miaka mitatu: kwenye maungio kuna michirizi ya kijivu iliyotandazika kama upepeo. Hapo ndipo kasha linapovutia pumzi.

Mwenye kasha akiona michirizi hiyo, hukimbilia kuongeza silikoni. Anazidi kuharibu. Plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa), mbao za mwaloni, gundi na rangi hutoa mvuke wa asidi kwa miaka mingi, hasa asidi ya siki. Kasha likipumua, mvuke huo unatoka. Ukiufungia ndani, unakula metali ya risasi. Nanga, mizinga na sanamu za gubeti (ncha ya mbele ya meli) zilizosubuliwa kwa risasi huvimba, hupasuka, kisha humeguka kuwa unga mweupe, na kupaka rangi juu hakusimamishi chochote. Tena silikoni ya kawaida ya madirishani, ile inayonuka siki inapokauka, inatoa asidi hiyo hiyo. Harufu unayoisikia ndiyo sumu ya mizinga yako.

Watu hujitetea kwa kusema kwamba makumbusho huziba makasha yao. Yapo yanayoziba, lakini kwa kioo na metali, vifaa vilivyopimwa kwanza, na huweka ndani vitu vya kufyonza mvuke. Kasha la plaiwudi nyumbani si hilo.

Kinachofaa ni kuliwekea kasha mlango wa kupumulia unaouchagua wewe. Toboa matundu mawili kwenye kitako, moja upande wa omo (mbele ya meli) na jingine upande wa shetri (nyuma yake), kila moja la kipenyo cha milimita 25. Yafunike kwa kitambaa cha kichujio cha mashine ya kusafishia hewa, kikibanwa kwa fremu yenye skrubu ili kiweze kubadilishwa. Inua kitako kwa miguu ya milimita 10, la sivyo meza itayaziba matundu. Kisha punguza nyufa nyingine: kioo kikae ndani ya mfereji uliowekwa utepe wa felti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizobanwa) ya poliesta. Felti ya sufu usiitumie, kwani hutoa salfa inayofubaza shaba. Jaribu kupenyeza ukanda wa karatasi kwenye maungio; ukipita, hewa nayo inapita bila kuchujwa. Hewa hufuata njia nyepesi, kwa hiyo matundu yako yawe mepesi kuliko nyufa zako. Kichujio kikigeuka kijivu, kibadilishe. Usingoje kiwe cheusi.

Na kama bado unajenga, mizinga ya risasi iache kabisa. Tumia shaba nyeupe au aloi ya bati isiyo na risasi.

Zipo na dhana nyingine kuhusu vumbi. "Vanishi ya kupuliza hukinga vumbi." Haikingi. Kwenye kamba hujenga utando unaonata, na vumbi linaloukalia halitoki tena bila kiyeyushi. Dawa ya kung'arishia fanicha ni mbaya zaidi: silikoni iliyomo huingia kwenye mbao, na siku foromali (boriti inayobeba tanga) ikivunjika gundi haitashika.

"Pumzi ya kopo la hewa inatosha." Inahamisha tu vumbi kutoka sitahani (sakafu ya juu ya meli) kwenda nyuma ya makapi (roda za kupitishia kamba), na kopo likiinamishwa hurusha kimiminika baridi kinachoweka madoa kwenye rangi. Vumbi linyonywe, lisipulizwe. Chukua brashi laini ya manyoya ya mbuzi, zungushia utepe ile pete yake ya chuma ili isikwaruze, na ushike mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi sentimita 5 nyuma ya brashi, nguvu ikiwa ya chini kabisa. Mdomo huo uvike soksi ya nailoni. Anzia kichwani mwa mlingoti ushuke sitahani, ukifuata urefu wa kamba, kamwe usiikate njia yake. Ukimaliza, kagua soksi kabla ya kuizima mashine: kapi la milimita 3 lililong'oka litakuwa limenasa hapo, na mashine ikizimwa kwanza litaanguka na kupotea.

"Kitambaa chenye maji hakina neno." Kwenye uzi wa pamba au kitani kina neno kubwa. Uzi ukilowa hunywea, huvuta kichwa cha mlingoti, na ukikauka hubaki umelegea.

"Akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, ifutwe kwa kitambaa kikavu." Kufuta hivyo kunazalisha umemetuli, na vumbi hurudi kabla hujakunja kitambaa. Tumia kitambaa cha nyuzi laini sana kilicholoweshwa kidogo. Dawa za vioo zenye amonia huipasua akriliki vijiufa.

"Kutumia mate ni uchafu." Wahifadhi wanayatumia, maana vimeng'enya vyake husaidia kulegeza uchafu uliogandisha vumbi. Lowesha kijiti cha pamba, kiviringishe juu ya ubavu wa meli bila kusugua, kibadilishe kikiwa kijivu, kisha pitisha kingine chenye maji safi kidogo. Jaribu kwanza karibu na mkuku (uti wa chini wa meli), mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, acha hapo hapo.