Ruzuku ya ulinzi wa sinagogi: tathmini kwanza, kamera baadaye

Kila zinapokaribia Rosh Hashanah (mwaka mpya wa Kiyahudi) na Yom Kippur (siku ya toba), viongozi wa masinagogi hapa Marekani hutupigia simu kwa wingi. Swali la kwanza huwa kamera: zinunuliwe ngapi, na serikali italipa lini?

Hofu yao ina msingi. Tarehe 27 Oktoba 2018, watu 11 waliuawa wakiwa ibadani asubuhi ya Sabato katika jengo la Tree of Life, Pittsburgh. Lakini tukumbuke pia Halle, Ujerumani, siku ya Yom Kippur mwaka 2019. Mshambuliaji alipiga risasi mlango wa sinagogi akashindwa kuingia. Aliua watu wawili nje. Waumini waliokuwa ndani walinusurika. Kamera iliwaonyesha yanayotokea, ila kilichomzuia ni mlango uliofungwa. Na katika sinagogi la Colleyville, Texas, Januari 2022, mtu alipowateka waumini, rabi alimrushia mtekaji kiti, akatoka mbio na mateka wenzake wawili. Alieleza baadaye kwamba mafunzo ya usalama ndiyo yaliyomsaidia.

Kwa hiyo anzeni na tathmini ya jengo: wapi mtu anaweza kuingia, nani anamwona, waumini watatokea wapi. Washauri wa CISA, shirika la serikali kuu la usalama wa mitandao na miundombinu, huifanya bila malipo, na polisi wengi wa mitaa pia. Bila tathmini, ombi lenu halina miguu.

Ruzuku yenyewe, ya usalama wa mashirika yasiyo ya faida na inayojulikana kwa kifupi NSGP, hutolewa na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga. Nasisitiza tena, maana kila mwaka tunarudia: msiombe moja kwa moja FEMA. Ombi hupitia ofisi ya jimbo iliyoteuliwa kusimamia ruzuku hizo, na jimbo huweka tarehe yake ya mwisho, iliyo mapema kuliko ya FEMA. Kila jengo lina ombi lake. Mwaka 2024 kiwango cha juu kilikuwa dola 200,000 kwa jengo. Mtahitaji namba ya utambulisho ya taasisi kutoka SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali kuu; ni bure, anayewatoza pesa mwacheni. Misikiti na makanisa, yakiwemo yanayosali kwa Kiswahili, yana haki ileile.

Ruzuku si hundi inayotumwa mapema. Kwa kawaida mnalipa kwanza, mnawasilisha ankara na stakabadhi, ndipo mnarejeshewa. Kazi iliyoanza kabla ya idhini hailipwi. Hata kutoboa ukuta kufunga kamera kunasubiri mapitio ya mazingira na urithi wa kihistoria, na masinagogi mengi ni majengo ya zamani. Walinzi wa mkataba wanaruhusiwa, silaha haziruhusiwi. Mkandarasi aliyewaandikia ombi asipewe pia kazi ya kufunga vifaa. Fedha zikitumika kinyume, zitarudishwa. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi ni kosa la jinai la shirikisho, kifungo chake hufika miaka 5.

Kwa sikukuu zilizo karibu, ruzuku haitawahi. Wiki hii wapeni polisi ratiba ya ibada na ramani ya jengo. Fungeni milango ya pembeni kwa nje, lakini ifunguke kwa ndani bila ufunguo. Mchagueni mtu wa kupokea wageni mlangoni, anayewajua waumini kwa sura, naye awe na simu mkononi. Sabato, siku ambayo waumini wengi hawatumii simu, isiwe kikwazo: sheria ya Kiyahudi inaruhusu simu pale maisha yanapokuwa hatarini, na rabi wenu awatangazie hilo mapema.