Ukoko wa maziwa na raha ya koo: vitamu vya Istanbul

Mimi ni mpishi wa halua. Kwa miaka kumi na mbili nimesimama mbele ya karai Unguja, mwiko mkononi, nikikoroga wanga, sukari na samli mpaka mkono ufe ganzi. Kwa hiyo Januari nilipopata siku sita za Istanbul, misikiti na makasri niliyapa asubuhi moja. Muda uliobaki wote niliwafuata wapika vitamu.

Nianze na kilichonishika zaidi. Nilivuka kwa feri kutoka Eminönü hadi Kadıköy, upande wa Asia, nikaingia muhallebici, ndivyo Waturuki wanavyoliita duka la vitamu vya maziwa. Nikaletewa kipande kilichokunjwa, ndani cheupe, nje kimeungua rangi ya kahawia. Jina lake kazandibi: kazan ni sufuria kubwa, dibi ni chini yake. Moyo wangu uliruka. Huu ni ukoko! Kwetu watoto hugombania ukoko wa wali jikoni. Wenzetu wameutengenezea chakula chake maalumu.

Na huunguzwa kwa makusudi. Trei hupakwa siagi na kunyunyiziwa sukari ya unga, kisha humiminwa uji mzito wa maziwa, sukari na unga wa mchele. Trei huwekwa juu ya moto na kuzungushwa kidogo kidogo ili kila upande upate haki yake. Sukari ya chini hugeuka karameli na kuleta uchungu mdogo unaokata utamu wa maziwa. Ikishapoa, hukatwa mapande na kukunjwa, ule upande ulioungua ukae nje.

Kazandibi ya asili ina kidari cha kuku ndani. Ndiyo, kuku. Nyama huchemshwa, huchambuliwa nyuzi nyembamba kabisa, huoshwa kwa maji mara kadhaa hadi harufu iishe, ndipo iingie kwenye maziwa. Kisipounguzwa chakula hicho huitwa tavuk göğsü, yaani kidari cha kuku, nacho kilipikwa tangu enzi za masultani wa Kiothmani. Ulimini husikii kuku hata kidogo. Unachosikia ni mnato, kijiko kinavuta uzi kabla haujakatika. Mimi mnato nimezoea kuutafuta kwenye wanga peke yake, na sikuwahi kufikiri nyama ingeweza kuifanya kazi hiyo.

Lokumu ndiyo niliyoijia hasa, kwa sababu ni ndugu wa halua: wanga na sukari, basi. Jina lake la zamani ni rahat-ı hulkum, maneno ya Kiarabu yenye maana ya raha ya koo, na hilo neno raha sisi sote tunalo. Duka la Hacı Bekir, karibu na Eminönü, linahesabu umri wake tangu 1777. Tofauti na halua ni kwamba lokumu haina samli. Halua yetu huachana na karai kwa sababu ya samli, na ule mng'ao wake unatoka humo humo. Kwenye lokumu kazi kubwa ni ya asidi, ama maji ya limau ama krimu ya tatari inayotokana na zabibu. Asidi huivunja sehemu ya sukari isirudi kuwa chenga, na kwa moto wa muda mrefu huulainisha wanga. Mchanganyiko humwagwa kwenye trei zenye unga wa wanga, hulala hadi ushike, ndipo hukatwa.

Boksi langu la kwanza nililinunua haraka kwenye mtaa wa watalii, na lilikuwa gumu kama kandambili. Tangu hapo nilibonyeza kwanza: kipande kizuri huingia ndani na kurudi taratibu, na ukikikata hakina chenga.

Chakula cha mchana kilikuwa balık ekmek, samaki wa kuchoma ndani ya mkate, vitunguu na limau, kando ya daraja la Galata. Sina la kuongeza, nilikula mbili.

Baklava ya mji wa Gaziantep, kitamu cha matabaka membamba ya unga, kokwa na shira, ina sifa zake, hata Umoja wa Ulaya ulililinda jina lake mwaka 2013, na pistashio yake, kokwa ya kijani, inastahili. Ila mimi nilirudi mara tatu mtaa wa Vefa kunywa boza, katika duka lililofunguliwa 1876. Ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kina uchachu na utamu, juu yake mdalasini na dengu za kukaanga. Aliyekulia kwenye togwa hahitaji kufundishwa. Mzee aliyenihudumia alinitazama nikimaliza glasi, akanijazia nyingine bila kuulizwa.

Tangu nirudi nimepika kazandibi mara nne, bila kuku. Mbili za kwanza ziliungua nyeusi, mkaa una moto usioshikika. Ya tatu nilitia tui badala ya nusu ya maziwa; mafuta ya nazi yalitoka, sukari ikakataa kushika chini. Ya nne nilirudisha maziwa matupu, nikatia iliki na kungumanga kidogo, nikahamia gesi. Ilikunjika bila kupasuka. Jumamosi napika trei kubwa, moto wa chini kabisa, nikiizungusha robo kwa robo.