Seva kujibu ping si ushahidi kwamba huduma zinafanya kazi

Wengi huagiza programu ya ufuatiliaji kama Nagios au Zabbix ipige ping kila seva, yaani iitumie ujumbe mfupi wa kuuliza kama inafikika mtandaoni, kisha wakiona rangi ya kijani huamini kila kitu kiko salama. Si kweli. Ping hujibiwa na kiini cha mfumo endeshi, si na huduma zenyewe. Hifadhidata inaweza kuwa imezimika tangu jana na majibu yakaendelea kuja. Hata systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux, ikionyesha kwamba huduma inaendeshwa, kwa kawaida maana yake ni kuwa mchakato wake upo, ingawa huenda umekwama na hauhudumii yeyote. Pima kile mtumiaji anachokitegemea: fungua ukurasa kwa HTTPS na ukague maandishi yaliyomo, iulize hifadhidata swali dogo. Ping nayo ikikosa jibu, usikimbilie kuwasha seva upya. Huenda kichujio cha mtandao kimezuia ICMP tu, yaani itifaki inayotumiwa na ping.