Nywele kipilipili si lazima ziwe nene

"Dada, nywele zangu ngumu, niwekee ile dawa kali." Kauli hii naisikia saluni kila mwisho wa wiki, na inaniudhi kwa sababu naona inachowafanyia watu vichwani. Anayeisema mara nyingi ana nywele kipilipili zilizojaa kichwa kizima, na tangu utotoni ameambiwa na mama, na shangazi, na kila aliyewahi kumsuka, kwamba kichwa chake ni kigumu. Naye amekubali. Anachanwa kwa nguvu, anapakwa dawa kali, anasukwa rasta nzito, halafu baada ya miaka kadhaa ananiuliza kwa nini nywele zake hazivuki shingo. Nikiushika unywele wake mmoja kati ya vidole viwili, siusikii kabisa. Ni mwembamba mno. Miaka yote hiyo umetendewa kama kamba.

Kipilipili ni umbo la unywele: namna unavyojikunja. Unene ni kipimo cha unywele mmoja. Wingi ni idadi ya nywele zilizoota kichwani. Ni mambo matatu tofauti, na hakuna linalokuambia jingine likoje. Mtu anaweza kuwa na kipilipili nyembamba zilizo nyingi, kipilipili nene zilizo chache, au singa nene zilizo nyingi. Gunia la mchele linaweza kujaa hadi likakaribia kupasuka, na bado kila punje ikawa nyembamba.

Kwa kipimo, unywele usiofika takriban milimita 0.06 ni mwembamba, wa 0.06 hadi 0.08 ni wa kati, na unaozidi hapo ni mnene. Tofauti hizo zinaonekana ndogo mpaka upige hesabu. Unywele wa milimita 0.10 una upana mara mbili ya wa 0.05, lakini ukiukata na kupima eneo la mkato, una nyama mara nne. Kwa hiyo mwenye nywele nyembamba anaingia kwenye draya, pasi na dawa akiwa na robo tu ya akiba aliyonayo mwenzake aliyeketi kiti cha pili.

Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba nywele za watu wa Asia ya Mashariki, zile za singa zinazoanguka mgongoni, ndizo kwa kawaida zenye unywele mnene zaidi mmoja mmoja. Zinateleza mkononi kwa sababu zimenyooka na mkato wake unakaribia kuwa duara. Kipilipili zinakwaruza mkono kwa sababu ya mikunjo mingi, na mkono unaichukulia mikunjo hiyo kuwa ni unene. Hata ule ujazo tunaojivunia hauthibitishi unene. Kichwa cha mtu mzima kina nywele 100,000 hivi, na sisi wenye asili ya Afrika mara nyingi tunazo pungufu kidogo ya hapo. Zinaonekana nyingi kwa sababu kila mkunjo unauinua mwenzake.

Kuna jambo jingine linaloifanya kauli ya "nywele zangu ngumu" kuwa ya hatari. Unywele wa kipilipili ni bapa, na kila unapojipinda pana sehemu dhaifu. Mafuta ya asili ya ngozi nayo hayashuki vizuri kwenye mikunjo, kwa hiyo ncha hubaki kavu. Chanua kwa nguvu nywele kavu za namna hiyo, tena nyembamba, na utasikia mlio mdogo wa kukatika. Wapo wanaoamini mlio huo ni mafundo yanaachia. Ni nywele zinakatika. Huwa naacha kuchana palepale, nachukua maji na kondishena, naanza upya kutoka nchani kwenda mizizini, fungu kwa fungu. Anayekuchana kutoka mizizini kwenda nchani mwombe abadilishe, na asipobadilisha inuka kitini.

Sasa turudi kwenye dawa. Dawa za kunyoosha nywele ni kali kweli: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huwa 12 na kuendelea. Inavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo na nguvu, na vilivyovunjika havirudi kama vilivyokuwa. Makopo huja kwa nguvu za ngazi tatu, na ngazi huchaguliwa hasa kwa unene wa unywele. Nywele nyembamba hupenywa haraka, kwa hiyo zinahitaji ya chini na muda mfupi. Anayeagiza ya juu kwa sababu kichwa chake "kinajikunja sana" anajichomea nywele kwa pesa yake. Mimi siweki dawa ya juu kwenye nywele nyembamba, hata mteja akikasirika na kwenda saluni ya jirani. Na anayegusia mizizi, yaani anayepaka dawa nywele mpya zilizoota, asikubali dawa ipitishwe tena juu ya nywele zilizokwisha kunyooka, maana hapo ndipo zinapokatikia, pale mpya na za zamani zinapokutana.

Utajuaje zako ni za aina gani? Osha nywele kwa shampuu, usipake kitu, ziache zikauke zenyewe. Chukua nywele chache zilizodondoka: moja ya utosini, moja ya kisogoni, moja ya pembeni karibu na sikio. Usichukue sehemu moja tu, kwani za pembeni karibu kila mara ni nyembamba kuliko za kisogoni, na wengi wana aina mbili kichwa kimoja. Zibandike kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe, zikiwa zimenyooshwa. Kando yake bandika unywele wa dada yako, wa mumeo, wa jirani. Ukilinganisha wa watu watatu wanne, tofauti inajionyesha. Kisha sugua unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukiuhisi kama kiuzi, ni wa kati. Ukiuhisi wazi na ukakwaruza kidogo, ni mnene. Wengine wameelekezwa walinganishe na uzi wa cherehani. Acheni hilo: uzi wa kawaida ni mnene kuliko unywele wa karibu kila mtu, kwa hiyo kila atakayepima atajiona ana nywele nyembamba.

Wingi upime peke yake. Nywele zikiwa kavu na hujazigawa njia, simama mbele ya kioo penye mwanga. Ngozi ya kichwa ikionekana bila shida, ni chache. Ukilazimika kuzifumbua kwa vidole ndipo uione, ni nyingi.

Ukishajua kwamba ni nyembamba, kuna mambo machache ninayoyasisitiza kwa kila mteja. Badala ya draya, zinyooshe kwa kusuka uzi, kama bibi zetu walivyofanya. Usiku mmoja unatosha na hakuna moto uliozigusa. Tritimenti ya protini mara moja kwa mwezi huzisaidia, lakini si kila wiki, zitakakamaa na kukatika. Rasta ziwe nyepesi na zisipite wiki sita. Na msusi akivuta mpaka nyusi zikapanda, mwambie alegeze, hata kama foleni ni ndefu.

Kuna kauli nyingine za saluni nazisikia pia, lakini hazinichukulii muda.

"Mimi ni 4C, aina yangu naijua." Namba hizo, kuanzia 1 hadi 4, zilienezwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, na herufi nyingine zimeongezwa baadaye na watumiaji. Zinaeleza mkunjo tu. Wawili wenye 4C wanaweza kuhitaji mafuta tofauti, kitana tofauti na dawa tofauti kabisa, kwa sababu mmoja ana unywele mwembamba na mwenzake mnene. Ukiniambia namba, bado nitakuomba nizishike.

"Nywele zangu hazikui." Zinakua. Kama unasuka, angalia mizizi baada ya mwezi: suko limeshuka kutoka kwenye ngozi, karibu sentimita moja, wengine pungufu kidogo. Kama urefu hauongezeki, zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayotokea mizizini. Huyo hahitaji mafuta ya kukuza, anahitaji kuacha kinachozikata.

"Rasta zimeninyofoa nywele." Hili naomba mlielewe vizuri, maana watu hulia kabisa wakiona bonge linalotoka wakati wa kufumua. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, kwa kawaida tu. Zikiwa zimesukwa, hazina pa kuangukia. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo hata ukipoteza 50 tu kwa siku, nywele 2,100 zinasubiri siku ya kufumua. Chukua chache kwenye lile bonge uzitazame ncha zote mbili. Penye kijipunje cheupe upande mmoja, unywele ulimaliza muda wake ukadondoka. Zikiwa fupi fupi na hazina kijipunje, zimekatika, na hapo una haki ya kumuuliza msusi wako.

"Mnyoe mtoto, zitaota nene." Wembe unakata sehemu ambayo haina uhai. Shina la unywele liko chini ya ngozi na halijui kilichotokea juu. Zinapoanza kuota, ncha zake ni butu na zinachoma mkono, ndiyo maana zinahisiwa nene. Anayemnyoa mtoto siku ya saba kwa ajili ya akika ana sababu yake ya dini na ina heshima yake. Ila asitarajie wembe uzibadilishe nywele.

"Paka mafuta ya nyonyo zinenepe." Nyonyo ni mazito, yanauzungushia unywele tabaka nje na kuufanya uonekane mnene mpaka utakapoosha. Kwenye nywele nyembamba huzilaza, huzifanya zinate, na vumbi lote la barabarani linabaki kichwani. Mimi napendelea mafuta ya nazi, kidogo, yapakwe kabla ya kuosha. Nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha.

"Nimeutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji umeelea, kumbe nywele zangu hazinywi maji." Unywele wenye mafuta kidogo huelea, na hata ulio mkavu unaweza kubebwa na utando wa juu wa maji. Jaribio hilo halikuambii kitu cha kutegemea.

"Za mbele zitarudi tu." Hii ndiyo ninayoiogopa. Nywele za ukingo wa uso ndizo nyembamba kuliko zote kichwani, na ndizo zinazovutwa zaidi na rasta, mawigi ya gundi na mikia iliyobanwa. Mwanzoni unaona vipele vidogo kando ya masuko na vinywele vifupi vilivyokatika. Ukiacha kuvuta wakati huo, mara nyingi zinarudi, ingawa huchukua miezi. Ukiendelea mwaka baada ya mwaka, mizizi hufa na kuacha kovu, na hapo hakuna mafuta wala tritimenti itakayoziotesha. Ukiona paji la uso limepanda, ngozi ya pembeni inang'aa na matundu ya nywele hayaonekani, usije kwangu kwanza. Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, na kabla ya kwenda fumua ulichosuka, ili aione ngozi yote.