Rasimu ya Kiwango Isifungiwe Kabatini

Mtu akisikia kamati ya viwango imeketi faragha, hudhani kuna mchezo unachezwa. Pengine upo. Ila chumbani mle mna siri za aina mbili, na tukizichanganya tutapigania isiyo na maana.

Ya kwanza ni siri ya mjumbe. Kamati ya kitaalamu huwakutanisha wazalishaji, maabara, vyuo, wadhibiti na watetezi wa mlaji. Mtengenezaji wa mabomba akitaka kueleza kwa nini kipimo fulani cha shinikizo hakifai, itambidi ataje takwimu za kiwandani kwake huku mshindani wake anamsikiliza. Mhandisi mwingine atakubali hoja ya mpinzani, jambo ambalo bosi wake asingependa kulisoma gazetini. Ndiyo maana vikao hufungwa na kumbukumbu zikabeba hoja badala ya majina. Hapo sina ugomvi.

Ya pili ni siri ya maandishi yenyewe, na hiyo ndiyo inayodhuru watu. TETRA ni mfumo wa redio za upepo uliowekewa viwango miaka ya 1990 na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya. Hutumiwa na polisi, wazima moto, viwanja vya ndege na mitambo ya umeme katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya kiwango hicho ilichapishwa. Kanuni za usimbaji fiche, zinazomzuia asiye na ufunguo kuelewa kinachosemwa, hazikuchapishwa. Walipewa watengenezaji, tena kwa kusaini mkataba wa kutunza siri.

Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi, waliozichimbua kanuni hizo kutoka ndani ya redio waliyoinunua, walitangaza walichokikuta. Kanuni iitwayo TEA1 ilihesabiwa kuwa na ufunguo wa biti 80, kumbe ndani yake mna hatua inayoupunguza hadi biti 32. Kwa biti 80, anayebahatisha ufunguo ana idadi ya majaribio yenye tarakimu 25. Kwa biti 32 ni bilioni 4 na ushee, kazi ya chini ya dakika moja kwa kompyuta ya kawaida. ETSI ilikana kwamba huo ni mlango wa nyuma, yaani upenyo wa siri ulioachwa makusudi, ikasema nguvu ya kanuni ilifuata masharti ya wakati ule ya kuuza teknolojia nchi za nje. Haya, tukubali. Lakini mnunuzi hakuambiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ETSI ikaamua kuziweka kanuni zote hadharani.

NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishapita njia nyingine. Ikitafuta mrithi wa DES, kanuni ya zamani ya usimbaji fiche, iliita mashindano mwaka 1997. Mapendekezo 15 yakaanikwa, na yeyote duniani akakaribishwa kuyavunja. Mwaka 2000 ikateuliwa Rijndael ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo leo inaitwa AES. Kila mstari wake unasomeka. Cha kuficha ni ufunguo tu.

Taasisi hiyohiyo mwaka 2006 ilichapisha Dual_EC_DRBG, kanuni ya kuzalisha namba za nasibu, yaani zisizotabirika, ambazo usimbaji fiche huzitegemea. Maandishi yalikuwa wazi, ila namba mbili za msingi ziliwekwa bila kueleza zilivyopatikana. Mwaka 2007 Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba anayejua uhusiano wa namba hizo anaweza kutabiri zinazofuata. Iliondolewa 2014. Kwa hiyo rasimu bila sababu zake ni uwazi nusu.

Kwetu, rasimu za mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) na Kenya (KEBS) na za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutolewa kwa maoni ya umma. Kanuni za kiufundi za lazima zinazoweza kugusa biashara na nchi nyingine hutangazwa pia kupitia Shirika la Biashara Duniani (WTO), ambako muda wa maoni unaopendekezwa ni angalau siku 60. Mlango upo. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba tunaupitia tukiwa na malalamiko badala ya hoja. “Kiwango hiki kinatuumiza” haiisaidii kamati. Taja kifungu, toa sababu, kisha andika maneno unayotaka yawekwe. Jedwali la maoni la ISO, shirika la kimataifa la viwango, lina nafasi ya yote hayo, na safu yake ya mwisho ni ya sekretarieti ya kamati: pendekezo limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Ukishatuma maoni, dai urudishiwe jedwali hilo safu hiyo ikiwa imejazwa. Nani alisema nini kikaoni, waachie wenyewe.