Balozi mpya kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki: yanayosemwa Tanga na yalivyo

Kila inapozunguka kwenye simu za watu wa Tanga picha ya balozi mpya akimkabidhi bahasha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, maswali huwa yale yale. Huyu ndiye mkubwa mpya wa Jumuiya? Kaja na fedha kiasi gani? Atatusaidia pale mpakani Horohoro? Nayachukulia kwa uzito maswali haya, kwa sababu mkoa wetu unaishi na Jumuiya kila siku. Machungwa ya Muheza yanavuka kwenda Kenya. Wadigo wana ndugu Mkinga na ndugu Kwale, upande wa Kenya. Bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani. Asiyejua Jumuiya inavyofanya kazi hupeleka kilio chake kwa mtu asiye na mamlaka nacho, kisha akarudi akisema Jumuiya haina maana.

"Balozi mpya ndiye kiongozi wa Jumuiya."

Siye. Kiongozi wa Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya utendaji ya Jumuiya, ni Katibu Mkuu, anayeteuliwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi kwa kupokezana kati ya nchi wanachama, naye hukaa miaka mitano. Balozi ni mwakilishi wa nchi yake, au wa chombo kama Umoja wa Ulaya, mbele ya Jumuiya. Hatoi amri Arusha, hapigi kura, wala haketi kwenye Baraza la Mawaziri. Kazi yake ni kusikiliza, kueleza msimamo wa kwao na kujenga ushirikiano.

"Akishapokewa Ikulu, kila kitu kimekwisha."

Hapa hata watu waliosoma huchanganya. Balozi wa Ujerumani na Balozi wa Umoja wa Ulaya walioko Tanzania huwa na kofia mbili: wanawakilisha kwao Tanzania, na wanawakilisha kwao kwenye Jumuiya. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaosimamia uhusiano wa kibalozi, unaruhusu jambo hilo. Lakini hati za utambulisho ni tofauti. Za Tanzania hukabidhiwa Rais, za Jumuiya hukabidhiwa Katibu Mkuu. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu yule yule akipigwa picha mara mbili, Ikulu na Arusha, ukadhani ni habari ya zamani imerudiwa.

Kwa upande wa nchi kuna hatua ambayo sisi hatuioni. Kabla balozi hajatumwa, serikali yake huliwasilisha jina kwanza na kuomba ridhaa. Nchi inayompokea inaweza kukataa, na mkataba hauilazimishi itoe sababu. Na kwa desturi, pamoja na barua ya kumtambulisha aliyekuja huwasilishwa nyingine inayotaarifu kwamba aliyemtangulia amerudishwa nyumbani. Kwa hiyo ile sherehe fupi ya kupeana mikono ni mwisho wa safari ndefu ya makaratasi.

"Kaja na fedha."

Dhana hii ina mizizi, nami naielewa. Makao makuu ya Jumuiya pale Arusha, yaliyozinduliwa mwaka 2012, yalijengwa kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Mtu akiliona jengo lile atasema hawa mabalozi ndio wenye Jumuiya. Lakini fedha ile ilitoka kwa makubaliano yaliyotiwa saini na pande mbili, ikapitia taratibu za bajeti na zabuni. Balozi anaweza kuyasukuma mazungumzo, au akayaacha yalale. Hundi haandiki yeye.

Tena Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Novemba 1999 unasema wazi kwamba bajeti inaanza na michango ya nchi wanachama zenyewe. Misaada ya nje inatajwa baada yake. Nchi inapochelewesha mchango wake, vikao huahirishwa na wafanyakazi huhangaika, na hapo balozi wa Ulaya hana kosa. Deni hilo tuwadai viongozi wetu.

Na wale wanaosema mataifa ya nje ndiyo yanayotuamulia, wakumbuke kwamba Wakuu wa Nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Nchi moja ikikataa, jambo halipiti. Sasa wanachama ni wanane, baada ya Somalia kukamilisha kujiunga Machi 2024. Kukubaliana watu wanane si sawa na kukubaliana watu watatu, na ucheleweshaji mwingi tunaoulalamikia unatoka humo.

"Jumuiya maana yake hakuna ushuru. Balozi akibanwa vizuri, Horohoro itafunguka."

Hii ndiyo inayowaumiza watu wetu mifukoni. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010, kweli. Ila msamaha wa ushuru unaifuata bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, na uasili huo lazima uthibitishwe. Mchele ulioshushwa Mombasa kutoka Asia haugeuki kuwa wa Afrika Mashariki kwa sababu tu umepita Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka wetu. Bidhaa za kutoka nje zinatozwa kwa viwango vya pamoja: sifuri, asilimia 10, 25 au 35, na zipo nyeti zinazotozwa zaidi ya hapo.

Sasa mchukue mama wa Muheza mwenye machungwa ya shambani kwake. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, anatumia cheti rahisi cha uasili, kinachogongwa muhuri na ofisa wa forodha pale pale mpakani. Cheti hicho kinamwondolea ushuru wa forodha. Hakimwondolei ukaguzi wa afya ya mimea, kwa hiyo cheti cha mimea lazima awe nacho pia. Wengi hufika wakiwa mikono mitupu, wakaambiwa rudini, wakaamini wameonewa. Wengine huona heri wampe kijana wa bodaboda mzigo apite njia za panya, na ukikamatwa huko hakuna wa kukutetea, hata ungekuwa na haki yote.

"Lakini mwanangu, karatasi ninazo zote na bado nazungushwa," atasema mama huyo, na mara nyingine atakuwa anasema kweli. Kuna ada zisizo na maelezo, kuna vizuizi vya ghafla, kuna mizani inayotofautiana. Haya ndiyo huitwa vikwazo visivyo vya kiforodha, na Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuviondoa. Balozi wa nchi ya mbali hana kazi nayo. Anayehusika ni kamati ya kitaifa ya kufuatilia vikwazo hivyo, kupitia Wizara ya Viwanda na Biashara, na upo pia mfumo wa kuripoti kwa mtandao. Halafu kuna wabunge 9 wa Tanzania katika Bunge la Afrika Mashariki, ambao wengi wetu hatujawahi kuwaandikia hata mstari mmoja.

Ukiandika, usiandike "tunanyanyaswa mpakani". Andika tarehe, saa, ofisi iliyokuzuia, aina ya mzigo na uzito wake, kiasi ulichodaiwa, na kama ulipewa risiti. Piga picha vyeti vyako vyote kabla hujavikabidhi dirishani.