War College sio mahali pa kufundishia watu bunduki

Kuna imani ya siku nyingi kwamba US Army War College, chuo cha mikakati cha jeshi la Marekani, ni kambi ya kuwatoa makamanda wapya jasho na kupanga nani apigwe kesho. Sio hivyo jamani. Anayeingia pale ni luteni kanali au kanali, kashapiga miaka kibao jeshini, na darasani anakaa na raia wa serikali na maofisa wa nchi nyingine, hata Abdel Fattah el-Sisi, rais wa Misri, alimaliza pale 2006.

Chanzo chake ni aibu ya 1898. Jeshi linaenda kupigana na Wahispania Cuba, kule Tampa, Florida, wanakoanzia safari, mabehewa zaidi ya 300 yamejazana hayana hata karatasi ya kuonyesha kuna nini ndani, maofisa wanavunja lakiri moja moja kutafuta sare na chakula, na wanajeshi wengi zaidi wakafa kwa magonjwa kuliko risasi, inauma sana hii. Ndo waziri wa vita Elihu Root akaanzisha chuo 1901, akisisitiza lengo ni kulinda amani kwa maandalizi ya maana. Carlisle kule Pennsylvania, kilipo sasa, kilihamia 1951 tu, mwanzo kilikuwa Washington.